Jiwe la Mlangoni kwa Mama Felicitas

Mfikirie mtu anayeshuka kwenye bodaboda pale njia panda ya Usagara, jua limeshapanda na vumbi limeshaamka. Ni mrefu, mwembamba, na shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mstari wa mkono unasimama wenyewe. Amekumbatia kitu kilichofungwa kitenge cha maua ya njano, mkono mmoja chini, mwingine juu, kama mzazi aliyetoka kliniki. Mama mmoja muuza machungwa anamwonea huruma, anamsogezea mwavuli.

"Mfiche na jua, baba. Ana umri gani huyo?"

Yule mtu anafikiri kwanza, maana hapendi kutoa jibu lisilo na uhakika.

"Kwa kukadiria, mama, amepita miaka bilioni mbili."

Mama anaurudisha mwavuli wake.

Huyo ndiye Deodatus Rutashobya, mtaalamu wa miamba, mzaliwa wa Kagera, mkazi wa Mwanza mjini, na alichokibeba ni jiwe. Jiwe lenyewe ni jeusi, lina madoadoa, ukubwa wake kama mkate, na kwa miaka yote aliyolijua lilikuwa kazini nyumbani kwa mama yake, huko huko mjini, likizuia mlango usipigwe na upepo wa ziwani. Alikuwa analipeleka ukweni. Ngoja nikueleze ilikuwaje, maana ukiisikia nusu utadhani mtu huyu ana matatizo.

Hakuwa na matatizo. Alikuwa na kazi. Huko Nyamagana kuna chumba ambako mawe yanayochimbuliwa na watafuta madini huletwa yamepangwa kwenye masanduku. Deodatus huyakata, hukibandika kila kipande kwenye kioo, hukisaga mpaka kiwe chembamba kuliko karatasi, halafu hukitazama kwa hadubini, mwanga ukipita katikati ya jiwe kama unavyopita kwenye pazia. Akimaliza atakuambia jiwe hilo lilianza maisha likiwa tope, likazikwa, likabanwa, likaungua, likapumzika, likaungua tena. Miamba geu, ndivyo tulivyofundishwa kuiita shuleni. Mimi na wewe tukiliona jiwe tunaona limekaa tu. Yeye anaona limetoka mbali na limechoka.

Kasoro yake ni kwamba alifanya hivyo kila mahali. Hata na Rachel ndivyo walivyojuana. Rachel alikuwa nyuma ya dirisha la benki, Deodatus akasimama mbele yake, macho yote kwenye jiwe la kaunta.

"Unaona hizi nyekundu?" akamwambia. "Ni ganeti. Kaunta yenu hii imewahi kukaa chini ya mlima."

"Namba yako imeshapita, kaka," Rachel akasema.

Kesho yake akarudi na namba nyingine. Mambo yakaenda, mshenga akapatikana, fundi friji mmoja aitwaye Obedi, na barua ya posa ikafika Usagara kwa mzee Machibya, baba yake Rachel. Ikapokelewa vizuri. Akabaki shangazi.

Shangazi Odeta, dada yake mzee Machibya, anakaa Busisi, ng'ambo ya maji. Zamani za kivuko, foleni ilimshikilia kule, wenye nyumba wakapata muda wa kujiandaa. Tangu daraja lianze kupitika, shangazi hufika kabla hujamaliza kufagia. Ndivyo alivyomfikia mama Felicitas, mama yake Deodatus, asubuhi moja, kutazama ukoo ambao binti yao anataka kuingia. Akakaribishwa, akaketi, akaletewa kahawa. Ndipo akaliona jiwe mlangoni.

Ile kahawa hakuinywa.

"Mwenzangu, hili umelitoa wapi?"

"La bibi yangu hilo," mama Felicitas akajibu kwa fahari. "Alikuwa Msukuma, aliolewa kwetu Kagera akitokea huku huku. Alikuja nalo kichwani. La kusagia."

Shangazi akaaga, na hakusema anakwenda wapi.

Inabidi ujue jambo moja la nyumba hiyo. Kwa akina Machibya, ambao ni Wasukuma, mawe ya kusagia ni mawili. La chini ni pana, lina bonde katikati, nalo huitwa mama. La juu hushikwa mkononi, nalo ni mtoto. Binti wa nyumba akiolewa mbali, hupewa mtoto aende naye. Mama habanduki nyumbani. Na jiwe la mama la mzee Machibya lilikuwa limekaa bila mtoto tangu zamani. Mtoto wake aliondoka na binti mmoja aliyevuka kwa mtumbwi pale Busisi akimfuata mume, na habari zake zikaishia majini. Sasa umkute mtoto wa jiwe anazuia mlango kwa mtu wa Kagera ambaye bibi yake alikuwa Msukuma. Kama ndiye yule, basi Deodatus na Rachel ni damu moja, na katika nyumba ile damu moja haioani. Posa inarudi ilikotoka.

"Tutajuaje?" mzee Machibya aliuliza.

"Si mnasema kijana ni mtaalamu wa mawe?" shangazi akasema. "Aje atuambie mwenyewe."

Obedi alipopewa ujumbe akasema yeye alikubali kubeba barua, habari za mawe hakuambiwa. Ndiyo maana umemwona Deodatus amelibeba peke yake.

Walimpokea barazani. Jiwe la mama lilikuwa limetolewa nje na kulazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, limeoshwa. Rachel alikuwa ameketi kando, karibu na mlango wa jiko.

"Shikamooni."

"Marahaba," mzee Machibya akaitikia. "Mlaze mtoto hapo."

Kitenge kikafunguliwa, mawe yakakaa jirani. Yote meusi. Yote na madoadoa yanayoelekea wekundu. Yote yanametameta kidogo kwa madini ya ulanga. Kuku mmoja alipita, akayatazama yote mawili bila upendeleo, akaendelea na safari.

Deodatus akachuchumaa. Sasa, watu wa kazi ile wana mazoea yao. Jiwe kavu halisemi sana; likilowa ndipo rangi zinatoka, na mtu aliye porini bila maji hutumia alicho nacho mdomoni. Deodatus, kwa mazoea tu, wala hakuwa na nia mbaya, akainama akalilamba jiwe la mama.

"Amelamba," shangazi akasema, kama anayetoa ushahidi.

"Nimeona," akasema mzee Machibya.

"Amemlamba bibi."

"Maji yalikuwepo," Rachel akasema kutoka kule kando. "Angeomba tu."

Deodatus akajifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja, akakirudisha mfukoni. "Samahanini sana. Ni ili kuona rangi."

"Na umeona nini?"

"Kwa macho, yanafanana. Ila kwa macho haitoshi, shangazi. Watu wawili wakivaa mashati mekundu, si lazima wawe ndugu."

Shangazi akamgeukia kaka yake. "Umesikia? Nshomile, msomi wa Kagera, hakosi jibu. Mimi nimewachunguza hawa watu miaka mingi. Jibu lao huwa zuri, na kila mara huwaangukia wao wenyewe kwa uzuri."

Deodatus hakujibu, kwa sababu jibu lolote lingekuwa zuri. Akaomba kipande kidogo cha kila jiwe akakisome. Hapo pakawa na mjadala mrefu. Mwisho shangazi akakubali, kwa masharti: kipande kisizidi harage, na kitoke upande wa chini, ambako hakuna mkono wa bibi uliopita.

"Na ujue unakata nini," akaongeza. "Jiwe hili halijawahi kuguswa na mtoto wa mtu mwingine. Bibi yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mchoyo, tusifichane. Jirani akija na mtama wake kuomba kusaga, anaambiwa jiwe linaumwa."

"Linaumwa nini?" Deodatus akauliza, kwa kuwa alipenda usahihi.

"Hakuna aliyewahi kuuliza. Wewe ndiye wa kwanza."

Mzee Machibya akakohoa, akatoa neno la nyumba. "Kijana, swali letu ni moja. Mama na mtoto huchongwa kutoka jiwe moja, hiyo inajulikana. Wewe utuambie: haya ni jiwe moja au si jiwe moja? Tukisikia ni moja, barua yako utaikuta kwa Obedi."

"Nimeelewa, mzee."

Akarudi mjini, akamrudisha mtoto mlangoni pake, akabaki na punje zake mbili kwenye bahasha. Mawe mengi alikuwa amekata maishani, mengine ya watu waliokuwa wameweka humo kila walichonacho, na hakuwahi kuangusha hata kimoja. Safari hii aliangusha kipande cha mama chini ya meza, akakitafuta kwa magoti muda mrefu, huku akimwomba msamaha mtu asiyemjua.

Alianza na jiwe la mama. Mwanga ulipopita, akaona ganeti zimekunjikakunjika ndani kama unga unaosongwa, maana yake zilikua huku mwamba unasukumwa na kubingirishwa. Pembeni ya ganeti kulikuwa na vipande virefu, bapa, vya rangi ya buluu hafifu. Kayanaiti. Hayo ni madini ya mahali pa kina sana, hayatokei mpaka mwamba uelemewe na uzito wa milima. Jiwe lile lilikuwa limezikwa, likabanwa vibaya, kisha likapanda juu na kupoa kabla halijapata nafasi ya kusahau.

Akaweka la mtoto. Buluu hakuna. Badala yake kulikuwa na vijiti vilivyokatwa kichwani, na ndani ya kila kimoja, katikati kabisa, msalaba mdogo mweusi. Misalaba kila upande. Madini ya aina hiyo hutokea juu juu, pale mwamba unapookwa na jirani wa moto, labda majabali haya haya ya matale ya Mwanza yalipokuwa bado uji unaochemka. La mama lilizikwa, la mtoto liliokwa. Yamepita njia mbili tofauti kabisa.

Si jiwe moja.

Alicheka peke yake mle chumbani, akampigia simu mama yake. Mama Felicitas alisikiliza yote, akashika moja.

"Umesema misalaba? Ndani ya jiwe langu?"

"Ni jinsi uchafu mweusi unavyojipanga madini yakikua, mama."

"Sikukuuliza inavyojipanga."

Toka siku hiyo jiwe likaondolewa mlangoni, likasuguliwa, likawekwa chini ya picha ya Bikira Maria. Mlango ukawa unapigwa na upepo utakavyo.

Hapo Deodatus angefunga kazi. Lakini mtu aliyezoea kumaliza hawezi kuacha katikati. Kabla mama yake hajalipandisha jiwe cheo, alikuwa amechukua kipande kingine cha mtoto, kidogo mno, safari hii kwenye uso ule uliolainika kwa kusaga, akakitengeneza kama vile vingine. Alitaka tu kuona uso uliotumika unafananaje. Ndani ya vitobo vya uso ule, chini ya uchafu ulioshindiliwa na mikono ya zamani, kulikuwa na chembe. Zilikuwa bapa. Zilikuwa za buluu.

Alitazama mpaka jicho likatoa machozi, akabadilisha jicho.

Kesho yake alimweleza Rachel kwa mama ntilie karibu na benki, sahani ya sato ikiwa katikati yao.

"Walikuuliza kama ni jiwe moja," Rachel akasema.

"Ndiyo."

"Na si jiwe moja."

"Si moja. Hata kwa bahati mbaya hayawezi kuwa moja."

"Basi, Deo, wajibu walichouliza, unywe soda, uondoke."

"Hizo chembe hazikuzaliwa ndani ya jiwe la mtoto. Zimeingia kwa kusuguliwa. Mtoto huyu aliwahi kusaga juu ya mama mwenye kayanaiti. Huenda mtoto wa kwanza alivunjika, wakaokota mwingine kwenye kilima kingine, na huyo ndiye aliyevuka na yule binti."

Rachel akachambua mwiba, akauweka pembeni ya sahani. "Shangazi hana hadubini."

"Hana."

"Mimi sitakwambia useme wala unyamaze. Nikikwambia unyamaze, utakuwa unanitazama maisha yote kama unavyotazama kaunta." Akasogeza sahani. "Ila ukilamba tena kitu chochote pale nyumbani, barua nitairudisha mimi mwenyewe."

Safari ya pili ya Usagara jiwe lilikwenda limefungwa kitenge kile kile, na rozari juu, kwa amri ya mama Felicitas. Muuza machungwa alimwona akipita, akaangalia upande mwingine.

Barazani walikaa kama mwanzo. Jagi la maji liliwekwa mbele ya Deodatus kabla hajaketi.

"Haya," mzee Machibya akasema. "Ni jiwe moja?"

"Si jiwe moja, mzee."

"Eleza tuelewe."

"Chukua unga mmoja. Ukiupa maji mengi unapata uji, ukiupa kidogo unapata ugali. Unga ni ule ule, mapishi tofauti. Ndani ya haya mawe kuna unga mmoja uliopikwa mara mbili. Wa jiwe la mama ulipikwa chini sana, chini ya uzito, ukatoka wa buluu. Wa jiwe la mtoto ulipikwa juu juu, kwa moto tu, ukatoka na msalaba. Hawa hawakulala chumba kimoja hata siku moja."

"Na hilo la chini sana, lilipopanda huku juu kwetu, mbona halikugeuka lifanane na wenzake?"

Deodatus akamtazama mkwe wake mtarajiwa kwa upendo wa kweli. "Hilo ndilo swali, mzee. Likikaa kwenye joto huku likipanda, hugeuka na kusahau. Likipoa mapema, linabaki na sura ya kule lilikotoka."

"Kama mdogo wangu aliyehamia Dar," mzee akasema. "Miaka yote ile, anatumiwa michembe ya viazi kwa basi."

Shangazi Odeta alikuwa ameshika kikombe. Mzee Machibya akajiinua kidogo, kama mtu anayetaka kufunga kikao kwa neno jema.

"Basi kama si jiwe moja..."

"Kuna jingine, mzee," Deodatus akasema.

Akawaambia. Hakuzunguka wala hakupamba. Akasema uso wa mtoto una chembe za buluu zilizoshindiliwa vitoboni. Kwamba chembe hizo si za mtoto. Kwamba pande hizi hajawahi kuziona kwenye jiwe jingine isipokuwa hili lililo juu ya ngozi. Akasema kwa kadiri ya ujuzi wake, mtoto huyu, ingawa si wa kumzaa, alisaga juu ya mama huyu, tena kwa muda mrefu. Akamaliza, akamimina maji, akanywa yote.

Upepo ulipeperusha ncha ya kitenge. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Nani aliyekuuliza hayo?"

"Hakuna, shangazi."

"Ungenyamaza, tungejua?"

"Msingejua."

"Na Rachel unamtaka au humtaki?"

"Namtaka sana."

"Sasa umeyasema kwa nini?"

Deodatus alifikiri, kwa sababu hapendi kutoa jibu lisilo na uhakika. "Kwa sababu yamo, shangazi."

Odeta akaliinua jiwe la mtoto kwa mikono miwili, akalipima uzito, akaligeuza, akalitua polepole kwenye bonde la mama. Likakaa. Akalisukuma mbele, akalivuta nyuma, na kila aliyekuwepo akasikia jinsi lilivyoteleza bila kukwama popote. Akaliondoa haraka kidogo, akalirudisha kwenye kitenge, na rozari akaiweka juu yake vizuri.

"Haya mambo ya chembe hayana maana," akasema. "Bibi yetu alikuwa mkarimu mno. Majirani walikuwa wanakuja na watoto wao wa mawe kutoka kila upande, wanasagia pale pale kwa mama. Asubuhi ulikuwa huwezi kupita. Mtu yeyote angeweza kuondoka na chembe zetu."

Mzee Machibya alifungua mdomo. Dada yake akamgeukia. Mzee akaangalia mbuzi waliokuwa mbali, akawaangalia kwa makini, na mdomo akaufunga.

"Si walikuwa wengi, kaka?"

"Walikuwa wengi," mzee Machibya akakubali. "Wengine walikuwa wanalala."

"Basi. Rachel, lete chai, na huyu nshomile wako mletee kikombe kikubwa. Na mwambie mama yake nakuja Alhamisi. Ile kahawa nilimwachia."

Harusi ilifanyika, na kwa vile hakuna aliyejua jiwe la mtoto likae wapi, linakaa kwa zamu: likiwa Usagara liko juu ya jiwe la mama, likiwa mjini liko chini ya Bikira Maria. Deodatus hajalikata tena, na shangazi hajaulizwa tena habari za majirani.

Lakini wewe ulikuwepo barazani tangu mara ya kwanza, ukasikia kwa masikio yako jirani akija na mtama anaambiwa nini. Sasa nakuuliza wewe: lile jiwe lilipona lini?